Malezi: Kopo la Njombe na Kopo la Makambako

Mwezi wa Juni tulikuwa Makambako kwa ndugu yetu, tukamkuta binti yake wa darasa la pili ana furaha tele. Yeye na binamu yake aliyeko Njombe, umbali wa kilomita zipatazo 60, walikuwa wamepanda maharage matano kila mmoja katika kopo, siku ile ile. Kufikia siku ya tisa, yake manne yameota. Ya Njombe, moja tu. Akatangaza, "Udongo wa Njombe ni mbaya!"

Ulimi ulituwasha kumwambia kwamba ni baridi, kwani Njombe iko juu zaidi na maharage hupenda joto. Lakini tungemaliza kila kitu kwa neno moja. Basi tukamwuliza mbegu zilitoka wapi. Zake zilitoka kwa bibi, za binamu sokoni. Makopo yalikaa wapi? Lake jikoni karibu na mafiga, la mwenzake barazani. Na maji? Yeye alinyunyiza kwa vidole, binamu alimwaga kikombe kizima, na mbegu ikilowa mno huoza. Mtoto akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe hatujui bado."

Akina mama, neno hilo kwa mtoto wa miaka minane ni kubwa kuliko jibu lenyewe. Mara nyingi sisi humwuliza, "Umepata?" Tumwulize pia ni kitu gani kilikuwa sawa, kipi kilikuwa tofauti, na kama akirudia ataona vile vile. Tena tusimcheke.

Erasto Mpemba alichekwa. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye friji yakiwa ya moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza mgeni, Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake wakacheka tena. Osborne yeye alirudi Dar es Salaam akaagiza jambo hilo lijaribiwe. Fundi wa maabara alileta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, ila ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! (Hata watu wazima, jamani.) Makala ya Mpemba na Osborne ilitoka mwaka 1969. Mpaka leo wanasayansi wanabishana. Wapo waliorudia wasilione jambo hilo, nao wanasema hata mahali kipimajoto kinapowekwa huweza kubadili matokeo.

Tukarudi kwenye makopo. Safari hii mbegu zote zilitoka kwa bibi, udongo ulichotwa shimo moja, maji kijiko kimoja kila asubuhi. Kopo moja likakaa jikoni, la pili nje dirishani, yote pale pale Makambako. La jikoni likatangulia kuota. Tukafurahi, tukadhani tumefika: ni joto.

Binti akakunja uso. "Lakini mama mkubwa, jikoni kuna giza. Labda ni giza."

Hatukuwa tumelifikiria hilo hata kidogo. Kopo la tatu sasa liko uvunguni mwa kitanda, katika chumba cha baridi kisicho na moto, na kila asubuhi kabla ya kwenda shule anapiga magoti kulichungulia.