ABATI ALIYENYONGWA KWA KUIBA KANISANI KWAKE

Leo tuache kidogo mambo ya nani kaachana na nani, nikupeleke Uingereza, kwenye mji mdogo unaoitwa Glastonbury, huko mkoa wa Somerset. Wapenzi wa muziki jina hilo mnalijua kwa lile tamasha kubwa ambalo mfugaji mmoja, Michael Eavis, alilianzisha shambani kwake Septemba 1970, kiingilio pauni 1 na maziwa ya bure juu yake. Shamba lenyewe wala halipo Glastonbury, lipo kijiji cha jirani kiitwacho Pilton, ila jina kubwa ndilo linalouza. Mimi leo siendi kwenye muziki. Naenda kwenye magofu.

Katikati ya mji huo kuna uwanja wa majani, na hapo zimesimama nguzo mbili kubwa za mawe zilizokatika juu, zinatazamana kama majirani walionuniana. Ni sehemu ya mabaki ya kanisa lililokuwa na urefu wa zaidi ya mita 170. Chukua uwanja mzima wa mpira, ongeza na nusu ya mwingine, bado kanisa linazidi! Hiyo ilikuwa abasia ya watawa wa Kibenediktini, yaani wanaofuata kanuni ile ile ya Mtakatifu Benedikto kama hawa wetu wa Peramiho na Ndanda, watu wa sala na kazi.

Mahali hapo ni pa zamani sana. Mfalme Ine aliwapa watawa ardhi mwanzoni mwa miaka ya 700. Miaka ya 940 akaja abati mmoja mkali, Dunstan, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akawanyoosha. Mwaka 1086, mfalme wa wakati huo alipoamuru mali zote za nchi ziandikwe kwenye daftari moja, ikaonekana hakuna nyumba ya watawa Uingereza nzima iliyoizidi Glastonbury kwa utajiri.

Basi bwana, Mei 25, 1184 moto ukawaka. Kanisa likateketea, pamoja na masalia ya watakatifu ambayo watu walikuwa wanakuja kuyahiji kutoka mbali. Mfalme Henry wa Pili akatoa fedha za kujenga upya, ujenzi ukaanza vizuri, halafu mwaka 1189 mfalme akafariki dunia. Aliyemrithi, Richard, akili yake ilikuwa kwenye vita vya msalaba. Mshiko ukakatika, na kanisa liko nusu.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kunoga. Mwaka 1191 watawa wakachimba makaburini kwao, tena wakiwa wamezungushia pazia mahali pa kuchimba (kulikoni?), wakatoka na habari kwamba wamempata Mfalme Arthur! Huyo Arthur ni shujaa wa hadithi za Waingereza na watu wa Wales, yule wa meza ya duara, na wengi waliamini hakufa bali amelala tu mahali na siku moja atarudi. Mwandishi mmoja wa zamani hizo, Gerald wa Wales, alifika akaonyeshwa mifupa. Akaandika kwamba mfupa wa mguu ulikuwa mrefu kupita wa mtu yeyote, na fuvu lilikuwa na majeraha kumi au zaidi. Pembeni kulikuwa na mifupa ya mkewe na nywele zake za rangi ya dhahabu, bado zinang'aa. Eti mtawa mmoja akashindwa kujizuia, akazishika, zikageuka vumbi mkononi. Na juu ya yote ukapatikana msalaba wa risasi ulioandikwa kabisa kwamba hapa ndipo alipozikwa Arthur. Sijui marehemu gani mwingine alizikwa na kitambulisho kizuri namna hiyo.

Unaona dili lilivyokaa? Kanisa limeungua, fadhili kafa, mahujaji hawaji, ghafla anapatikana mfalme maarufu kuliko wote. Na serikali nayo ikafurahi, maana Arthur akishaonekana ni mifupa, watu wa Wales wataacha kumsubiri aje kuwakomboa. Mwaka 1278 Mfalme Edward wa Kwanza, akiwa ametoka kupigana na hao hao wa Wales, alikuja na malkia wake wakafungua kaburi, wakaizika upya ile mifupa kwa heshima zote. Watawa hawakuishia hapo. Wakasema na Yosefu wa Arimathea, yule aliyemzika Bwana Yesu, alifika Glastonbury. Baadaye watu wa mji wakaongeza kwamba alichomeka fimbo yake kilimani ikaota mti. Mti upo kweli, ni mwiba unaochanua mara mbili kwa mwaka, mara moja wakati wa baridi kali, na hadi leo tawi lake hupelekwa kwa mfalme kila Krismasi.

Kijiweni kwetu nilipoisimulia hii, jamaa mmoja akaruka. Akasema basi hao watawa walikuwa matapeli, na yaliyowapata baadaye waliyataka wenyewe. Hapo ndipo tulipotofautiana, na nilikuwa tayari kukosa chai kuliko kumkubalia. Kati ya lile pazia la makaburini na maafa ya Glastonbury kuna miaka karibu 350. Mtu hanyongwi kwa ujanja wa mwaka 1191 wakati yeye kazaliwa miaka 270 baadaye.

Sasa sikiliza yenyewe. Mfalme Henry wa Nane alitaka kumwacha mkewe Catherine amwoe Anne Boleyn. Baba Mtakatifu akakataa. Mwaka 1534 mfalme akajitangaza mkuu wa kanisa la Uingereza, na watawa wakatakiwa waape. Abati wa Glastonbury wakati huo aliitwa Richard Whiting, mzee aliyepewa kiti hicho mwaka 1525. Aliapa. Simlaumu, alikuwa na nyumba ya kulinda na watu wengi waliokula kwake. Mwaka 1536 zikafungwa nyumba ndogo, zile zenye mapato yasiyofika pauni 200 kwa mwaka. Glastonbury ilikuwa inaingiza zaidi ya pauni 3,000. Moja baada ya nyingine nyumba kubwa nazo zikajisalimisha "kwa hiari", na mpaka mwanzoni mwa 1539 Somerset nzima ilikuwa imebaki Glastonbury peke yake. Mzee hakuleta fujo wala hakupiga kelele. Alichofanya ni kutoitoa tu.

Ijumaa ya Septemba 19, 1539, saa nne asubuhi, wakaingia wakubwa watatu wa mfalme, Layton, Pollard na Moyle, bila taarifa. Mzee hakuwepo, alikuwa kwenye nyumba yake ya Sharpham, mwendo wa mguu tu. Wakamfuata, wakamhoji, usiku huo huo wakapekua chumba chake cha kusomea. Wakapata kitabu kinachopinga talaka ya mfalme. Siku zilizofuata wakazidi kupekua, wakaibua kikombe cha dhahabu, vyombo vya fedha na zaidi ya pauni 300 taslimu vilivyokuwa vimefichwa. Barua zao kwa Thomas Cromwell, yule kigogo aliyekuwa mkono wa kulia wa mfalme, zipo mpaka leo. Wenyewe wanakiri mzee ni dhaifu na mgonjwa. Halafu wanasifia mali! Kwamba hawajaona nyumba nyingine kama hii, kwamba ina viwanja vinne vya wanyama wa kuwinda, kwamba kuna ziwa lenye samaki wa aina aina, wakawataja samaki mmoja mmoja.

Hiyo orodha ya samaki ndiyo iliyonichoma. Babu yangu alipofariki nilikuwa kidato cha pili, na kabla hata ya arobaini ndugu mmoja alikuja na daftari, anahesabu mabati ya paa huku bibi kakaa ndani ya nyumba hiyo hiyo. Alihesabu mpaka kuku. Kwa hiyo barua ile naijua harufu yake, ukiondoa tu kwamba imeandikwa kwa Kiingereza cha kale.

Abati akapelekwa London, akafungwa kwenye ngome ya Tower. Cromwell alikuwa na kawaida ya kujiandikia mambo ya kufanya, na kwenye karatasi zake mojawapo kaandika kwamba abati ahukumiwe kwao na anyongwe huko huko. Kabla kesi haijasikilizwa! Novemba 14 akasimamishwa mahakamani mji wa Wells. Ungetegemea kosa liwe uhaini, au dini. Wapi! Kosa lililotajwa ni wizi. Eti kaliibia kanisa la Glastonbury. Vile vyombo alivyoficha visichukuliwe, ndivyo akaambiwa kaviiba, na wanaosema hivyo ndio waliokuja kuvichukua.

Kesho yake, Novemba 15, 1539, wakamfunga kwenye kichanja cha fito, wakamburuta mjini mpaka juu ya kilima kiitwacho Tor, kinachoonekana kutoka kila upande wa nchi ile. Mzee karibu miaka 80. Wakamnyonga huko pamoja na watawa wake wawili, John Thorne na Roger James. Kichwa wakakiweka juu ya lango la abasia. Mwili wakaukata vipande vinne, wakavipeleka Wells, Bath, Ilchester na Bridgwater, ili kila mtu aone. Cromwell naye hakumaliza mwaka, Julai 28, 1540 mfalme huyo huyo alimkata kichwa.

Nyumba ikawa shamba la bibi. Mawe yakaenda kujenga nyumba za watu na barabara. Maktaba ndiyo hasara kubwa kwangu. Msomi John Leland aliitembelea ingali nzima, akasema aliishiwa nguvu mlangoni kwa jinsi vitabu vilivyokuwa vya kale. Mwaka 1549 John Bale aliandika jinsi vitabu vya nyumba hizo za watawa nchini kote vilivyokuwa vinauzwa kwa wenye maduka na wauza sabuni, kama sisi tunavyofungiwa karanga kwa madaftari ya wanafunzi. Jengo la jiko la abati lilinusurika, lenye meko nne kwenye pembe zake, na bado lina paa.

Mwaka 1907 magofu yakapigwa mnada pauni 30,000, na mwisho yakaangukia mikononi mwa kanisa la Anglikana. Akaletwa mtaalamu wa kuchimba, Frederick Bligh Bond, akawa anapata vitu kweli kweli. Kumbe mwenzetu alikuwa anakaa na rafiki yake ameshika penseli, "mizimu" ya watawa inamwelekeza pa kuchimba! Mwaka 1918 akayatoa mwenyewe kwenye kitabu. Wakubwa wa kanisa walikasirika, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 akatimuliwa. Wachimbaji wa baadaye walidai wameliona shimo la Arthur, lakini mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, wakiongozwa na Roberta Gilchrist, walipitia upya kumbukumbu zote za uchimbaji wakakuta hakuna kitu cha kumhusu mfalme yeyote.

Kibao cha kaburi la Arthur bado kipo pale kwenye majani, watalii wanapiga picha. Mzee Whiting kanisa Katoliki lilimtangaza Mwenyeheri mwaka 1895. Ukimtafuta yeye, panda kilima cha Tor, upepo ni mkali, kuna mnara wa kanisa usio na paa.