Mfupa umeunga, mguu je?

Aliyevunjika kifundo cha mguu kwa ajali ya bodaboda anarudi kliniki. Daktari anaitazama picha ya eksirei, anaona vyuma vimekaa na mfupa umeunga, anaandika "anaendelea vizuri" na kumwita anayefuata. Mgonjwa anatoka akichechemea. Hakuna aliyemwambia atembee hata hatua kumi.

Foleni za kliniki za mifupa tunazijua. Lakini kupima mwendo hakuhitaji mashine. Weka alama mbili sakafuni, mita 10 kati yake, shika saa. Mtu mzima mwenye afya, kwa mwendo wake wa kawaida, humaliza kwa sekunde saba au nane. Kisha asimame kwa mguu mmoja, ainue kisigino mpaka achoke, ahesabiwe. Vigimbi husinyaa ndani ya plasta (P.O.P), na udhaifu huo eksirei haiuoni. Kwa upasuaji wa kupangiwa tarehe, vipimo hivi vianze kabla ya kisu, la sivyo hatutajua mgonjwa alipata nafuu au alibadilishiwa maumivu tu.

Kuna pia maswali ya kumuuliza mgonjwa. Fomu ya chama cha wapasuaji wa miguu na vifundo cha Marekani, ya mwaka 1994, imeenea mno. Ina alama 100: maumivu 40, utendaji 50, mkao wa mguu 10. Inamuuliza mgonjwa anatembea bloku ngapi za mtaa. Mkazi wa Tandale, au wa milima ya Lushoto, ajibu nini? Chama chenyewe kiliacha kuiunga mkono mwaka 2011, ila bado inajazwa.

Sisi tunataka mgonjwa aulizwe kama anaweza kuchuchumaa chooni, kukaa tahiyatu na vidole vya mguu vimekunjwa, kushuka mteremko na ndoo kichwani, kuning'inia kwenye daladala iliyojaa. Dereva wa bodaboda aulizwe kuhusu mguu wa kulia, maana ndio unaokanyaga breki ya nyuma.

Wizara ya Afya ikae na Taasisi ya Mifupa Muhimbili na hospitali za rufaa, itoke na fomu moja ya Kiswahili, ukurasa mmoja, iliyojaribiwa kwa wagonjwa wenyewe. Ijazwe tena mwezi wa tatu, wa sita na wa 12 baada ya matibabu. Na aishike mtaalamu wa fiziotherapia. Daktari mwenye watu themanini mlangoni hatashika saa.