Rangi ya Mafuta, Ugomvi wa Sebuleni

Mwezi huu naomba tuweke pembeni habari za nyumba ndogo na mawifi wakorofi, kwa sababu kuna ndoa moja kule Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, inayumba kwa ajili ya picha ya ukutani. Ndiyo, picha. Msicheke kwanza.

Aliyeandika ni dada mmoja mwalimu, ndoa yake ina miaka miwili. Mumewe anahangaika na biashara ya mizigo bandarini. Shemeji alipokwenda Dar es Salaam kikazi alirudi na zawadi: picha ya mashua ziwani wakati jua linazama, upana futi tatu, fremu nzito ya mbao, shilingi laki tatu taslimu. Muuzaji alimwambia, "Bosi, hii ni picha ya mafuta, utawaachia wajukuu." Ikatundikwa sebuleni, wageni wakaisifia. Kasheshe ilianza inzi walipoiweka madoa. Dada akachovya pamba kwenye spiriti ya kusafishia vidonda, akasugua kona moja, pamba ikatoka na rangi ya chungwa. Mume akasema mke kaharibu picha ya mafuta. Mke akajibu kwamba picha ya mafuta haitoki rangi kirahisi namna ile, baba kaingizwa mjini. Sasa ni wiki ya tatu wanasalimiana kama wapangaji wa nyumba moja. Swali lake kwangu: "Dada, kati yetu nani mwenye haki?"

Picha yenyewe sijaiona, lakini ile pamba imeshatoa ushahidi mzito. Kwa maelezo yako, dada yangu, hiyo ni akriliki. Ila kabla hujamsomea mumeo ukurasa huu kwa sauti ya ushindi, nisikilize kidogo, maana hapa kuna neno linalotuchanganya wote.

Nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi, Mpanda mjini au Kariakoo, useme unataka rangi ya mafuta. Utapewa kopo la rangi ya kung'aa ya milango na mageti, ile inayozimuliwa kwa tina. Ukisema rangi ya maji, utapewa ya kuta. Ndivyo fundi anavyojua, na sisi wengine tumejifunza kwa fundi. Lakini mchoraji aliyepita chuo akitamka mafuta, ana maana nyingine kabisa: rangi ya kwenye tyubu, poda ya rangi iliyosagwa pamoja na mafuta ya mbegu za kitani. Halafu kuna hii akriliki, ambayo mtaani haina jina la kueleweka. Kwa hiyo muuzaji wa shemeji anaweza kuwa tapeli wa kutupwa, au anaweza kuwa mtu anayeita "mafuta" kila rangi isiyofutika kwa maji. Laki tatu zimeshatoka kwa vyovyote vile, lakini si vizuri kumwita mumeo mjinga kwa neno ambalo hata fundi wenu wa nyumba analitumia.

Sasa tofauti yenyewe. Mafuta ya kitani hayakauki kama nguo iliyoanikwa. Yanavuta oksijeni ya hewani, na taratibu yanageuka ngozi ngumu. Picha ya namna hiyo huchukua siku kadhaa, pengine wiki, mpaka uweze kuigusa bila kujichafua, na mchoraji makini husubiri miezi sita hadi mwaka ndipo aipake vanishi ya mwisho. Akriliki ni poda ya rangi ndani ya ute wa plastiki uliochanganywa na maji. Maji yakiruka, chembe za plastiki zinashikamana, kazi imekwisha. Nusu saa tu unagusa. Mchoraji wa kando ya barabara, anayechora leo ili auze kesho alipe kodi ya chumba, hawezi kungoja kitani kikauke. Simlaumu.

Umri nao unasaidia. Kwenye mapango ya Bamiyan, Afghanistan, watafiti walitangaza mwaka 2008 kwamba wamekuta michoro ya karne ya 7 yenye mafuta ya aina hii ndani yake. Akriliki za maji kwa ajili ya wachoraji zimeingia sokoni miaka ya 1950 tu. Mtu akikuuzia picha akidai ni ya enzi za wamisionari wa kwanza wa Karema, wale Mapadre Weupe waliofika mwaka 1885, halafu ikagundulika ni akriliki, mwombe akurudishie hela yako kabla hajapanda basi.

Haya, utajuaje ukiwa umesimama mbele ya picha na mchumba anakuangalia?

Anza na swali, halina gharama: "Umeimaliza lini?" Kama anasema juzi, na rangi imekaa nene kama krimu ya keki lakini ni kavu hadi ndani, hiyo si mafuta ya kitani hata aape. Bonyeza kwa upole, kwa ruhusa, sehemu nene iliyo pembeni kabisa. Mafuta mabichi yana ngozi juu na ulaini chini, kama uji uliopoa.

Kisha nusa. Usione aibu, hata tikiti maji unalipiga kofi kabla ya kununua. Picha ya mafuta iliyo mpya inanuka kitani na tapentaini kwa wiki nyingi. Ya rangi ya kopo inanuka tina, ile harufu ya geti jipya. Akriliki haina harufu ya maana. Picha ikishakaa miaka, pua haisaidii tena.

Halafu iinamishe kwenye mwanga wa dirishani. Hapa ndipo macho yanapofundishika, na kwangu ndiyo sehemu tamu zaidi. Picha ya mafuta ambayo haijapakwa vanishi hung'aa bila mpangilio: sehemu hii ina mng'ao, ile imefifia, kwa sababu kila rangi ina kiasi chake cha mafuta. Weusi wake unaingia ndani kama maji ya ziwa usiku. Akriliki hung'aa, au hufifia, sawasawa uso mzima, na ukiitazama kwa karibu kuna hali fulani ya uplastiki, kama kitambaa cha meza kile cha kupangusa. Rangi ya kopo ni kioo. Unajiona.

Usisahau kugeuza mgongo. Rangi ya mafuta ikipakwa juu ya kitambaa kisichoandaliwa vizuri, mafuta hupenya na kuacha doa la rangi ya chai upande wa nyuma. Mgongo pia unasema picha imetoka wapi. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, kuna wachoraji waliotumia vitambaa vya magunia ya unga. Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi yake huko Katanga miaka ya 1970, alikuwa mmoja wao, na alipomweleza mtafiti Johannes Fabian maana ya picha zake alizieleza kwa Kiswahili. Ukikuta alama za kiwanda cha unga nyuma ya picha, usiitupe!

Jihadhari zaidi na kitu cha nne, ambacho si mafuta wala akriliki: karatasi au kitambaa kilichochapishwa kwa mashine, kikapakwa ute wa kung'aa juu ili kuonekana kina alama za brashi. Chukua simu, fungua kamera, vuta picha karibu kabisa. Ukiona vidotidoti vidogo vya rangi kama kwenye gazeti, hapo ndipo penye wizi wa kweli.

Spiriti ndiyo ya mwisho, na ni kwa picha yako mwenyewe, si ya dukani. Kijiti cha pamba kilicholowa kidogo, kwenye ukingo unaofunikwa na fremu, sekunde chache tu. Akriliki hulainika na kuacha rangi kwenye pamba. Mafuta yaliyokauka miaka mingi hayatoi rangi haraka hivyo, na rangi ya kopo iliyokomaa hali kadhalika. Lakini mafuta ambayo hayajatimiza mwaka yanaweza kutoa kidogo, na pamba ikitoka na unjano badala ya rangi ya picha, ulichofuta ni vanishi. Kiondoa rangi ya kucha usikiguse kabisa, kinakula kila kitu. Na kama picha ina thamani kubwa au ni ya marehemu babu, acha hata hiyo spiriti, tafuta mtu wa makumbusho.

Kwa hiyo dada, kisayansi umeshinda. Lakini umeshinda kwa kufuta kona ya zawadi yako mwenyewe, na bila kumuuliza aliyekuletea. Shemeji naye ana lake: alisikia "mafuta" akaona heshima, na nahisi kilichomuuma zaidi si laki tatu, ni kuambiwa mbele ya mkewe kwamba alichomletea ni feki.

Wala si feki. Hapa ndipo ninapokataa kabisa ile dhana kwamba mafuta ni ya wenye nazo na akriliki ni ya wababaishaji. Mwingereza David Hockney alichora kwa akriliki mwaka 1972 picha ya watu wawili na bwawa la kuogelea. Novemba 2018 iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 90. Na hapa kwetu, mchoraji aliyetutangaza duniani kuliko wote hakutumia mafuta ya kitani wala akriliki. Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru aliyeuawa mwaka 1972 jijini Dar es Salaam kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, alichora kwa rangi za kung'aa za madukani juu ya hadibodi za silingi. Rangi ya mafuta ya fundi, kwa jina letu! Ukinunua Tingatinga pale Morogoro Stores, Oysterbay, na muuzaji akasema ni ya mafuta, kwa Kiswahili cha dukani hajakudanganya.

Ukitaka mafuta kwa maana ya chuo, mtaje Sam Ntiro wa Machame, aliyesoma Makerere kisha Slade ya London, na baadaye akawa balozi wa Tanganyika Uingereza. Mwaka 1956 alichora kwa mafuta juu ya kanvasi wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Picha hiyo iko kwenye hazina ya makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, MoMA. Habari za mahari zetu zimefika huko, wewe unadhani mchezo?

Kinachobadilika ni bei inayostahili na matunzo. Kwa mafuta unalipia pia miezi ya kungoja na vifaa vya gharama, kwa hiyo kulipa bei ya mafuta kwa kazi ya akriliki ya siku mbili kunauma, na muuzaji anastahili kupigiwa simu. Shemeji ampigie, amuulize kwa upole rangi ni ya aina gani na nani alichora. Mchoraji akipatikana, ile kona inazibika kwa akriliki ileile, kazi ya muda mfupi. Bahati yenu hiyo. Ingekuwa ya mafuta msingemruhusu mtu apake akriliki juu, maana haishiki vizuri kwenye mafuta, baada ya muda inabanduka. Kinyume chake inawezekana: wachoraji wengi huanza na akriliki chini, wakamalizia na mafuta juu.

Matunzo sasa, hasa kwa ninyi mnaoishi kwenye joto la mwambao. Akriliki ni plastiki, na joto likizidi inalainika kidogo na kunasa vumbi na moshi wa mkaa. Isitundikwe karibu na mlango wa jiko, migebuka ikikaangwa kila jioni itaonekana pale pale. Mafuta yana tabia ya ajabu: yakifungiwa gizani yanageuka manjano, yakirudi kwenye mwanga wa kawaida yanapata nafuu. Jua la moja kwa moja ni adui wa zote. Inzi wakiacha madoa, kwa akriliki na kwa rangi ya kopo tumia pamba yenye maji kidogo sana, bila sabuni, bila kusugua. Kwa mafuta tumia brashi laini kavu na uishie hapo.

Na kwa kuwa watumishi na wafanyabiashara wa Katavi mnahamahama: ukipakia akriliki kwenye fuso kwenda Mpanda, usiifunge kwa nailoni inayogusa uso wa picha, wala usilaze mbili zikitazamana. Joto la safari litazigandisha, na utakapozibandua utabaki na nusu ya mashua huku na nusu kule. Weka karatasi laini ya kuokea kati, kisha kadibodi. Kanvasi isiyo na fremu izungushie bomba nene, upande wenye rangi ukiwa nje. Ya mafuta iliyozeeka usiikunje kabisa, itapasuka kama tope la mto wakati wa kiangazi. Iende imesimama, nyuma ya godoro.