Kuuona Mpingo Si Kuujua

Imani iliyozoeleka nchini Tanzania kwamba mtoto wa kijijini huzaliwa akiijua miti, hivyo shule haina la kumfundisha, ni imani potofu. Mpingo pekee unatosha kuivunja.

Mtoto wa Kilwa huupita mpingo akienda shule. Jina analijua, na miiba yake imemchana. Anachokiona ni mti mfupi uliopinda, wenye matawi yaliyosongamana, usiofaa hata kwa nguzo. Weusi ulioupa sifa umefichika katika kiini, nyuma ya gome na tabaka jeupe la ubao, na kiini hicho ni kizito hadi huzama majini. Humo ndimo vinamotoka vinyago vya Wamakonde, na ndimo zinamotoka klarineti na obo za Ulaya. Mti huohuo kijijini huweza kuishia katika tanuru la mkaa.

Wenye imani hiyo hudai kwamba wazee watafundisha. Lakini maarifa ya wazee nayo hayakuja na umande: mganga alifundishwa mizizi ya kuchimba, na mchongaji alikaa miaka chini ya fundi. Isitoshe, yapo ambayo mzee hakuwahi kuhitaji kuyajua. Mpingo ni wa jamii ya kunde, na vinundu vya mizizi yake hurutubisha udongo. Huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Anaoupanda mwanafunzi leo ni wa mjukuu wake. Mwaka 2009 misitu ya vijiji wilayani Kilwa ilipata hati ya kimataifa ya FSC ya uvunaji endelevu. Uvunaji wa namna hiyo unataka watu wa kupima kipenyo cha shina na kukadiria ujazo wa gogo. Hiyo ni hesabu ya darasani, haiokotwi porini.

Kwamba shule inaiweza kazi hii, Sebastian Chuwa alikwisha kuonyesha. Mtaalamu huyo wa mimea wa Kilimanjaro, aliyeanzisha mradi wa kuhifadhi mpingo pamoja na Mmarekani James Harris mwaka 1996, aliwafundisha wanafunzi kupitia vilabu vya uhifadhi vya Malihai na vitalu vya miche.

Somo lenyewe halina gharama kubwa: kipande cha kiini na ndoo ya maji, mbegu chache na kitalu, futikamba ya kuzungushia shina, na mchongaji wa jirani kukaribishwa darasani. Shule inayopanda mikaratusi siku ya miti na kuunyamazia mpingo ulio uani kwake inamfundisha mtoto kwamba mti huo ni kuni tu.