Meza kuu inakunywa plastiki

Imani moja imetushika Arua na Koboko, hapa Uganda, kiasi kwamba hakuna anayeihoji: maji salama ni yale yenye kifuniko. Ya mto Enyau ni ya kufulia, ya kisima ni ya wasio na pesa, na mwenye uwezo hununua chupa. Ndiyo maana arusini meza kuu hupangiwa chupa, sisi wa kwenye turubai la nyuma tunapitishiwa jagi. Basi wakubwa wasikie: huenda wao ndio wanaomeza plastiki nyingi zaidi.

Mwaka 2018 Sherri Mason na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New York, Fredonia, walipima chupa 259 kutoka nchi tisa, Kenya ikiwemo. Asilimia 93 zilikuwa na chembe za plastiki, wastani 325 kwa lita. Kati ya zile kubwa zilizoweza kutambuliwa aina yake, zaidi ya nusu zilikuwa za plastiki inayotengenezewa vifuniko. Kifuniko hichohicho tunachokiamini! Katika utafiti mwingine wa maji ya bomba ya nchi 14, Uganda ikiwa mojawapo, Mason na wenzake walikuta plastiki pia, lakini chembe kubwa kama hizo zilikuwa karibu nusu ya zile za chupa. Kisha mwaka 2024 wanasayansi wa Columbia, kwa vifaa vikali zaidi, wakahesabu chembe zipatazo 240,000 katika lita moja ya maji ya chupa ya Marekani.

Najua jibu lililo tayari: chupa haina taifodi. Ni kweli, na vijidudu vinaua haraka kuliko plastiki. Hata Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba hivyo ndivyo vitangulie kushughulikiwa. Lakini taifodi hufa kwenye sufuria. Tena watafiti wa Guangzhou walionyesha mwaka 2024 kwamba maji yenye chokaa nyingi yakichemshwa dakika tano kisha yakachujwa, hupoteza hadi asilimia 90 ya chembe hizo. Yenye chokaa kidogo hupoteza kama robo. Bibi aliyechemsha maji na kuyachuja kwa kitambaa kabla ya kuyatia mtungini hakuwa mshamba.

Na chupa yenyewe inaishia wapi? Lori hubeba katoni kutoka Kampala karibu kilomita 500, lakini halirudi na chupa tupu. Zinabaki kwetu. Nyingine tunazichoma nyuma ya jiko, nyingine tunazitupa mtaroni, na mvua inazisukuma hadi Enyau, mto uleule ambamo Shirika la Taifa la Maji na Majitaka linachota maji ya mabomba ya Arua. Wa Koboko wanaotegemea visima wasijipe moyo kwamba udongo unachuja kila kitu. Unachuja mengi, ndiyo, ila maji yetu ya chini hukaa katika mipasuko ya miamba, na kisima ambacho saruji yake imepasuka hunywa maji ya juu pamoja na kila kilichosagika humo. Shimo la taka tumelichimba hatua chache kutoka hapo.

Kaveera, ile mifuko myembamba ya plastiki, imepigwa marufuku kisheria tangu 2009, na sokoni bado unafungiwa nyanya ndani yake. Chupa hata marufuku ya kwenye karatasi haijapata, kwa sababu wanaoweza kuidai ndio wanaoinywa. Hapo ndipo chupa inaponiudhi hasa. Mfanyabiashara, mwalimu mkuu, diwani, wote wamejinunulia njia ya kutokea. Bomba likitoa maji ya rangi ya chai, kelele inabaki kwa mama mwenye jerikani, na huyo hana wa kumsikiliza.

Naomba jambo dogo. Baraza la jiji la Arua na lile la manispaa ya Koboko yakutane bila chupa hata moja ukumbini. Mezani pawe na maji ya bomba au ya kisima yaliyochemshwa, ndipo ajenda ya mitaro na taka ifunguliwe. Nadhani haitaahirishwa tena.