Salongo si kujitolea

Kwetu Fizi na Baraka hatuna majira manne ya vitabu vya shule. Tuna kiangazi na mvua. Mwezi wa nane unapoisha, kila mwenye jembe anajua kwamba mvua ya Septemba haimngoji mtu: ikikuta bustani ya wote haijalimwa na mifereji imeziba, maji ya mlimani yanashuka na udongo mpaka Ziwa Tanganyika.

Ndiyo maana watu huitwa kazini. Lakini huitwa kwa neno gani? Salongo. Neno hilo la Kilingala lilienea nchini wakati wa Mobutu, na lilikuja pamoja na amri. Kabla yake, tangu 1917, serikali ya kikoloni ililazimisha wanakijiji kulima mazao iliyoyachagua yenyewe. Jembe la wote likazoeleka kuwa jembe la mkubwa.

Sisi wa lugha tukitazame kitenzi kujitolea. Ile -ji- humrudishia mtendaji kitendo chake: mtu anajitoa mwenyewe, hatolewi na mwingine. Penye faini kwa asiyefika, -ji- imekufa, hata tangazo liseme nini.

Kwa hiyo naona tusibadilishe jina kabla ya kubadilisha kazi. Wanaolima waulizwe siku, waulizwe mbegu, wajue nani atavuna. Faini ifutwe. Wakija wachache, tutajua angalau idadi ya kweli ya wanaoitaka bustani hiyo, na hao ndio wa kuanza nao.