Kamba Ikikatika, Nani Atalizuia?



Wasomaji wetu watukufu, mama zetu, dada zetu na wazee wa majumbani, juma hili tumeona tuwasimulie jambo lililotukuta bara, katika vilima vya Kisii na Nyamira. Ni kisa cha trekta lililoharibika mteremkoni. Huenda mtu akauliza, sisi watu wa pwani, wa minazi na mashua, trekta la mlimani latuhusu nini? Tunawaomba subira. Mwisho wa maneno, kila mwenye mwana ataona mahali panapomhusu.

Tulikwenda kumjulia hali binti wa ndugu yetu, ambaye ameolewa na kijana wa huko aliyeingia katika dini yetu miaka kadhaa iliyopita. Tulipita Nairobi, Narok, Bomet na Sotik hadi Keroka, mji ambao upande wake mmoja ni wa kaunti ya Kisii na upande wa pili ni wa Nyamira. Sehemu hizo ziko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuliozoea joto la Mombasa tulijikunyata katika makoti ya kuazima.

Nchi ya Abagusii ni vilima juu ya vilima. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, hasa nyakati za alasiri, na ardhi ni nyekundu, ya kina na yenye rutuba. Ikirowa, huteleza kama sabuni. Watu ni wengi na mashamba ni madogo. Mara nyingi shamba la jamaa mmoja huwa kama utepe: huanzia juu penye nyumba na njia, likateremka kupitia migomba na michai, hadi bondeni penye kijito na mikaratusi. Kwa sababu hiyo kulima kwingi ni kwa jembe la mkono. Trekta huko aghalabu ni la kubebea mizigo: mawe, matofali, na kuni za mikaratusi ambazo viwanda vya chai hununua kwa ajili ya kukaushia majani.

Mama mkwe wa binti yetu ni mjane aliyepita miaka 70. Marehemu mumewe alinunua trekta kwa mkopo, na akafariki kabla ya kuumaliza. Mama akaendelea kuulipa kwa nauli ya kubeba kuni. Tulipofika, tulikuta nyumba imeinama. Jana yake, baada ya mvua, trekta lilikuwa likipanda kutoka bondeni na tela lililojaa magogo. Katikati ya mteremko injini ilizimika, na breki ya upande mmoja haikushika. Likarudi nyuma, tela likajikunja na kupinduka, na trekta likaishia kwenye ukingo wa tuta, gurudumu moja la nyuma likining'inia na mguu wa gurudumu la mbele umevunjika. Dereva aliruka akanusurika kwa michubuko, alhamdulillahi. Chini yake palikuwa na hatua 80 za mteremko hadi kijitoni, na juu yake hatua 60 hadi njiani.

Asubuhi yake majirani walikusanyika, kwani watu wa huko hawamwachi mtu na msiba wake. Lakini kila mmoja alikuja na rai yake, na wahenga walikwisha sema kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama. Wengine walitaka liletwe trekta la jirani livute kwa mnyororo. Wengine wakasema wanaume 30 wanatosha: wavute kwa kamba kutoka juu, na mtu mmoja akae kitini ashike usukani. Kitinda mimba wa yule mama, kijana wa miaka 19, tayari alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye ngazi ya trekta.

Na hapa, ndugu zetu, hatuna budi kukiri kosa letu. Tulikuwa tumekwisha kata tiketi ya basi ya siku ya pili, na akili zetu zilikuwa zimekwisha kuondoka. Watu walipotugeukia, kwa kutuona ni wageni na wenye kilemba, tulisema: "Bismillahi, apande kijana, sisi tushike kamba. Mwenyezi Mungu atasahilisha."

Mama alikuwa akitoka kumlisha ng'ombe, ndoo i mkononi. Aliiweka chini, akauliza kwa sauti ya kawaida: "Kamba ikikatika, nani atalizuia?"

Hakuna aliyejibu. Akamwambia mwanawe ashuke. Akasema, "Deni la trekta lina mwisho wake, hata likichukua miaka. Huyu akifa, deni lake nitamlipa nani?" Kisha akatugeukia sisi. "Na wewe mkwe wangu, nilidhani umekuja kutuombea dua."

Tuliona haya kubwa. Miaka yote tumesomesha watoto chuoni kisa cha bedui na ngamia wake, kwamba mja hufunga kwanza kisha hutawakali. Siku ile tulitaka kutawakali bila kufunga, tena kwa shingo ya mwana wa mwenzetu. Kutaja jina la Mola juu ya jambo la uzembe hakuligeuzi likawa la busara. Tuliomba radhi mbele ya watu, na tiketi ile tukaisamehe.

Alasiri akaja fundi kutoka Keroka, mtu mzima mwenye maneno machache. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kukaa juu ya jiwe na kutazama. Jambo la pili, aliamuru mawe makubwa yapangwe nyuma ya kila gurudumu na chini ya lile lililoning'inia. Mvua ikaanza, akasema hapana kazi leo. Udongo uliorowa haushiki gurudumu wala haushiki nanga.

Usiku ule, tukinywa chai, tulimuuliza kwa nini alilikataa trekta la jirani. Akatueleza jambo ambalo hatukulijua. Trekta ni zito, lina zaidi ya kilo 2,000, na uzito wake umekaa juu. Likivuta kitu kilichokwama, hasa mnyororo ukifungwa juu ya ekseli ya nyuma badala ya kufungwa chini, magurudumu ya nyuma hung'ang'ania ardhi na pua huinuka. Laweza kupinduka kinyumenyume na kumwangukia dereva kabla hajapata nafasi hata ya kukanyaga klachi. Mlimani hatari huzidi, kwa kuwa tayari pua imeelekea juu. Ni kupinduka kwa namna hii na kwa ubavu kunakoua madereva wengi wa matrekta ulimwenguni. Ndiyo maana nchi ya Uswidi, mwaka 1959, ililazimisha kila trekta jipya liwe na fremu ya chuma ya kumkinga dereva, na nchi nyingine zikafuata. Vifo vikapungua sana. Lakini fremu humfaa dereva aliyefunga mkanda. Asiyejifunga hurushwa nje na kuangukiwa na chuma kile kile. Trekta la mama halikuwa na fremu wala mkanda.

Siku ya pili ikawa ya kuchimba. Kwanza magogo yalishushwa kwa mikono na tela likafunguliwa, ili chombo kipungue uzito. Kisha, juu karibu na njia, vijana walichimba handaki la kwenda kina cha kiuno, likikingama na mteremko. Ndani yake fundi alilaza gogo nene la mkaratusi, akafunga kamba ya waya katikati yake, kisha likafukiwa na kushindiliwa. Hapo tukatabasamu, maana tulikielewa kitu kile mara moja. Ilikuwa ni nanga, nanga ya nchi kavu.

Na alipofungua mfuko wake tuliona jambo jingine tulilolijua tangu utotoni: kapi. Manahodha wetu wamepandisha foromali na tanga kwa kapi tangu enzi za mababu. Fundi alilifunga kapi kwenye trekta, chini kabisa, akapitisha kamba ya waya ndani yake: ncha moja ikaenda kwenye nanga, ya pili kwenye winchi ya mkono iliyofungwa katika nanga hiyo hiyo. Kwa njia hiyo nguvu inayohitajika hupungua takriban nusu, ila kamba huvutwa urefu maradufu. Anayetaka wepesi hulipa kwa muda. Chini ya pua, mahali pa gurudumu lililovunjika, alifunga gogo lenye panda liteleze kama mkono wa ngalawa.

Siku ya tatu, kabla ya kuvuta, alitoa masharti manne. Asiwepo mtu juu ya trekta. Asisimame mtu chini yake mteremkoni. Asikaribie mtu kamba iliyokazwa, kwani waya ukikatika hurudi kwa kasi na waweza kumkata mtu mguu. Akatandika magunia yaliyoroweshwa maji juu yake ili yaupunguzie mrusho. Na la nne, isikike sauti moja tu. Wale wanaume 30 wakaambiwa wakae ng'ambo na watoto wao. Waliobaki kazini walikuwa watano: wawili wa winchi, wawili wa kusogeza mawe nyuma ya magurudumu, wakisimama ubavuni na kuyasukuma kwa miti mirefu, na yeye mwenyewe.

Kila mvuto wa winchi ulileta upana wa vidole vichache. Mawe yakasogezwa. Mvuto mwingine. Kulikuwa na utulivu ambao hatukuutarajia katika kazi ya namna ile. Ilipofika adhuhuri kazi ikasimama. Sisi tukaswali chini ya migomba, na akina mama wakaleta ugali, mboga za chinsaga na chai. Baada ya chakula kamba iliteleza mara moja kwenye kapi, trekta likashuka kiasi cha shibiri moja, likagota kwenye mawe na kusimama. Tulimtazama yule kijana wa miaka 19. Alikuwa amesimama kando ya mamake, mbali na mteremko, ameushika mkono wake kama mtoto mdogo. Hakuna aliyesema neno, lakini kila mmoja alijua kiti kile kingekuwa na nani.

Baada ya alasiri trekta lilifika njiani. Mama aliligusa boneti, akasema, "Karibu nyumbani," kisha akaenda kutafuta wa kuyanunua yale magogo ili fundi alipwe.

Hatutaki kuwapambia mwisho wa kisa. Binti yetu ametupigia simu juzi akasema trekta lingali limefunikwa turubai, likingojea vipuri, na mkopo bado unalipwa kidogo kidogo kwa fedha za majani chai. Hasara ya mali ni hasara, na inauma. Ila kijana amerudi masomoni, na jioni hula chakula chake nyumbani.

Enyi wazazi wenzetu, huku kwetu hakuna milima ile, lakini mteremko upo. Mashua hukwama mwambani, tukamtuma kijana ajitose katika wimbi ainasue. Ndoo huanguka kisimani, tukamteremsha mtoto mwembamba, na kisima kirefu chaweza kuwa na hewa mbaya ambayo haina harufu. Pikipiki huharibika breki, tukasema ataifikisha hivyo hivyo kwa fundi. Mara nyingi wanaume tunaokusanyika tunakuwa na haraka, na wenye haraka huona aibu kusema ngoja. Basi mama wa nyumba asione haya kuuliza swali la yule mjane wa Nyamira: kamba ikikatika, nani atalizuia? Ikiwa jibu halipo, kazi isianze. Na sisi wenye vilemba tukiulizwa, tusikimbilie Bismillahi kabla hatujatazama mawe yako wapi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amfungulie mama yule riziki yake, awahifadhi watoto wetu na awaruzuku subira wazazi wao. Tukutane juma lijalo, inshallah.

Wabillahi tawfiq.